Kinda la Gereji, Mtoto wa Darajani

26 Februari 2001

Kurasa za mbele za kitabu hiki ni za vipimo vya wanawake wa mtaa wetu wa Buyenzi, wakiwemo wale wanaovuta tumbo ndani nikizungusha utepe halafu wananilaumu gauni likibana. Za nyuma zilikuwa tupu. Naanza kuzijaza leo kwa sababu nina jambo na sina wa kumwambia. Mume wangu Shakuru ni fundi wa magari. Masikio yake yamezoea injini, na mimi nikisema hunisikia kama redio ya jirani.

Tangu jana kuna vita Kinama, ng'ambo ya mto. Watu wanamiminika kuvuka daraja la Ntahangwa na magodoro vichwani. Mimi nilitoka kutafuta uzi mweusi, nikarudi na mtoto.

Alikuwa ameketi kwenye baraza ya duka lililofungwa, hatua chache kutoka darajani, mvua ikimpiga miguuni. Msichana wa miaka mitano hivi, amekumbatia sufuria.

"Uko na nani?" nikamuuliza.

"Na mama."

"Mama iko wapi?"

"Amerudi kuchukua bibi. Alisema: ikala hapa."

Risasi zikalia ng'ambo, karibu mno. Nikambeba yeye na sufuria yake nikakimbia. Njia nzima alinipiga mateke na kupiga kelele kwamba ameambiwa aikale, ameambiwa akae palepale. Alama za meno yake ziko mkononi mwangu ninapoandika.

Anaitwa Benite. Ameoga, amekula wali, amelala. Nimemtazama alivyolala mpaka Shakuru akasema nitamtoboa kwa macho.

27 Februari

Askari wamefunga daraja. Mvua kutwa.

1 Machi

Nimemwambia chefu wa mtaa, kiongozi wetu, kuwa nina mtoto wa watu. Akauliza jina la mama yake. Benite akajibu, "Mama Benite." Chefu akasema kuna mama wengi wa namna hiyo.

Anaanza kuniita tantine, neno la Kifaransa la kumwita shangazi au mwanamke yeyote mkubwa. Amefundishwa na Ernestine, mpangaji wetu wa chumba cha uani, Mkongomani wa Uvira anayeuza ndagala, yaani dagaa, na kuimba nyimbo za kanisa kabla jua halijachomoza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nikimpa jembe ataliimbia.

6 Machi

Idi. Tumechinja na wenzetu wa mtaa mbuzi mmoja mwembamba. Nimemshonea Benite gauni la njano lenye rinda, akazunguka nalo uani mpaka akaanguka. Jirani mmoja akaniambia, "Idi njema, Mama Benite." Sikumsahihisha. Nimeolewa zamani sana, na kabla yake nyumba hii haikuwahi kuamshwa na kilio cha mtoto. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Risasi zilisikika hata wakati wa takbira.

10 Machi

Daraja limefunguliwa. Watu wanarudi kutazama kilichobaki. Kesho nitakwenda kuuliza.

11 Machi

Mvua. Kesho nitakwenda.

13 Machi

Gauni la bibi harusi limeharibika kwapani, imebidi nilifumue lote. Kesho.

15 Machi

Radjabu, anayepakua mizigo bandarini, ameleta salamu za wifi yangu Mwantum aliye Kigoma. Anasema tuhame mara moja, nyumba yake ina vyumba, na mji wetu utatumaliza. Kuna boti ya mizigo mwanzoni mwa Aprili, nahodha ni rafiki yake Radjabu.

Shakuru ameafiki papo hapo. Mimi pia nimeafiki, na nitaandika kwa nini, maana hapa hakuna wa kunisuta. Kule Kigoma, ukimtoa Mwantum, hakuna atakayejua kwamba sikumzaa mimi.

Ernestine alitusikia kutoka chumbani kwake. Akatoka na beseni la samaki, akasema bila kunitazama, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Nikamwambia ndagala zake zinanuka.

17 Machi

Mvua ya mawe. Bati la jikoni linavuja.

19 Machi

Leo siku ndefu.

Katika gereji ya Shakuru, yaani ua wetu upande wa barabara, kuna lori bovu linalosubiri vipuri tangu siku za vikwazo, nchi ilipofungiwa bidhaa. Taa yake moja ya mbele iling'olewa, na ndani ya tundu hilo wamejenga inyamanza, wale ndege weusi kwa weupe wanaotembea ua mzima wakitikisa mkia kama wanaokagua kazi ya mafundi. Hakuna mtu wa hapa anayewagusa. Warundi wanasema ni ndege wa heri nyumbani. Shakuru, ambaye haheshimu hata usingizi wangu, amekuwa akipiga nyundo upande wa pili wa ua ili wasishtuke.

Asubuhi, baada ya mvua, Benite alikuja mbio. Kinda lilikuwa chini, karibu na gurudumu, limelowa, manyoya nusu, mdomo wazi kabisa. Nikaliokota. Lilikuwa jepesi kuliko kifungo cha koti, na moyo wake ulinipiga kwenye kidole.

"Apana kushika!" Ernestine alilia kutoka mlangoni. "Yooo! Sasa mama yake atasikia harufu ya mutu, atamukataa!"

"Kwani nimeshika na nini? Nimetoka kutawadha."

"Ndege anajua udhu?"

Shakuru akaja, akalichukua kwa mikono yake iliyojaa mazutu, yale mafuta ya injini za dizeli, akalitazama kama anavyotazama kabureta. "Tulirudishe mu tundu."

"Na hiyo mikono?" Ernestine akasema. "Basi, bon, umemumaliza kabisa. Hata miye siwezi kupokea mutoto ananuka mazutu."

Tukabishana pale kama baraza la wazee. Mimi nikasema tumuoshe kwa sabuni. Shakuru akasema sabuni nayo inanuka. Ernestine akasema kwao Uvira walifukiza majani fulani, ila amesahau majani gani. Mwishowe tukakubaliana, sote watatu, kwamba kwa kuwa limeshashikwa limeshakuwa yatima, na kwa kuwa ni yatima ni letu. Nikalitia katika boksi la viatu juu ya vipande vya flaneli, nikaliingiza ndani.

Nitasema ukweli. Nilipofunga mlango nilipumua. Nilijiambia: unaona, mtoto akishachukuliwa ameshachukuliwa, mama yake mwenyewe hamtaki tena. Nilikuwa nafikiria ndege, na nilikuwa sifikirii ndege.

20 Machi

Nimelilisha mkate uliolowekwa maziwa, kwa ncha ya kijiti. Limekula kidogo. Usiku tumeliweka karibu na jiko.

21 Machi

Linahara. Nimebadilisha chakula, nimelilisha ugali laini. Mdomo haliufungui tena, inabidi niupanue kwa ukucha.

Benite hachezi. Anakaa dirishani siku nzima. Nje, juu ya lori, inyamanza mkubwa anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, akipiga kelele.

"Tantine, mama yake iko anamuita."

"Anaimba tu."

"Apana. Iko na mududu mu kinywa. Mutu haimbi na chakula mu kinywa."

Nikamwambia aache dirisha aje ale. Hakuja.

22 Machi

Linalala tu. Nimemuota marehemu mama yangu, sikumbuki alisema nini. Mvua.

23 Machi

Nilipotoka chooni asubuhi boksi halikuwapo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nikatoka nikikimbia, ulimi umeshajaa matusi: Benite alikuwa amechuchumaa mbali, karibu na pipa la maji, na kinda liko chini kando ya gurudumu, palepale lilipoanguka, juu ya kipande changu cha flaneli. Paka wa jirani hakai mbali na ua huu. Nikafungua mdomo.

Shakuru akanishika mkono kutoka nyuma. "Nyamaza, Khadidja. Angalia."

Inyamanza alikuwa ameshuka kwenye bampa. Akatikisa mkia. Akaruka chini, akasimama mbali kidogo, akatembea akimzunguka mwanawe nusu duara kwa wasiwasi wote wa dunia. Kinda likasikia. Kichwa kikainuka chenyewe, na ule mdomo niliokuwa naupanua kwa ukucha tangu juzi ukafunguka mwekundu, mpana, na mama akamsindika mdudu humo mpaka kooni. Hakunusa kitu. Hakuuliza mazutu wala udhu. Akaruka, akarudi na mwingine. Baba yake naye akaja.

Nililia pale nimesimama, kanga moja kifuani, majirani wananiona.

Shakuru, ambaye nimemwita kiziwi tangu mwanzo wa kitabu hiki, akaenda kwa kunyata, akaleta kikapu kidogo, akakifunga kwa waya chini ya tundu la taa mahali paka hafiki, akalitia kinda ndani kwa mikono yake ileile michafu. Kisha akatuamuru sote tukae mbali. Muda si mrefu mama alikuwa ukingoni mwa kikapu.

Ernestine alisimama na beseni lake kichwani. "Donc hiyo ya harufu ni uongo? Mama yangu alinidanganya miaka yote hii?"

"Mama yako alitaka muache ndege za watu," Shakuru akasema.

Tulicheka. Nilikuwa bado nafuta macho Benite alipokuja mbele yangu. Alikuwa amevaa ndala zake na ameshika sufuria yake, ile aliyokuja nayo.

"Tantine. Na miye unirudishe."

"Nikurudishe wapi, mama?"

"Pale mama aliniacha. Akikuya ataniona."

Hakulia, wala hakunilaumu. Alisema kama mtu anayeeleza njia.

24 Machi

Tumekwenda. Duka sasa liko wazi, ni la muuza mkaa. Nikamsalimu, nikamuuliza kama kuna mwanamke aliyewahi kupita akitafuta mtoto.

"Yule?" akasema. "Yule alikuya siku daraja walifungua, asubuhi sana. Alishika ukuta huu, analia. Akarudi kesho yake. Akarudi tena. Aliuliza kila mutu. Siku hizi simuoni."

Alikuja. Siku niliyoandika "kesho nitakwenda kuuliza", alikuwa hapa. Siku niliyoandika "mvua", alikuwa hapa katika mvua hiyohiyo. Nilikuwa nimeketi ndani nashona gauni la bibi harusi.

Nilimuuliza alielekea wapi. Hajui.

25 Machi

Shakuru amepiga hesabu za safari: nguo, vyombo, cherehani ivunjwe vipande. Nikamwambia siendi.

"Khadidja, hapa tutakufa."

"Na mama yake atamtafuta Kigoma?"

"Tutaacha jina kwa chefu."

"Chefu ana Mama Benite wengi."

Akakasirika. Akasema napenda mtoto wa watu kuliko roho yangu na yake. Nikasema ndiyo. Hatujawahi kulala tumepeana migongo kiasi hiki.

26 Machi

Asubuhi nilimkuta Shakuru anapakia cherehani yangu kwenye mkokoteni wa gereji. Sikuuliza. Alisukuma mpaka darajani, akaomba ruhusa kwa muuza mkaa, akaniwekea turubai, akatia jiwe chini ya mguu wa meza ili isicheze. Kisha akasema, "Fundi anaweza kushona popote," akaenda zake.

Sasa kazi yangu iko hapa. Benite anakaa kwenye baraza, mahali palepale, na gauni la njano ili aonekane kutoka mbali.

28 Machi

Wateja wananifuata wakilalamika umbali. Vumbi la mkaa limeingia kwenye gauni jeupe la komunyo. Nimeosha mara mbili.

30 Machi

Mvua. Tumekaa.

31 Machi

Kinda limetoka kikapuni. Limeruka mpaka kwenye pipa, likaanguka, likaruka tena mpaka ukutani. Wazazi wake walikuwa wanapiga kelele kama watu wa mpira. Jioni sikuliona.

3 Aprili

Boti imeondoka. Radjabu alipita kutuarifu, akatikisa kichwa. Shakuru alikuwa chini ya gari na hakutoka mpaka Radjabu alipoondoka.

7 Aprili

Leo niliogopa. Adhuhuri risasi zilianza ng'ambo ya mto, kisha zikaja upande wetu. Watu walitimka. Nilimvuta Benite nikalala juu yake katikati ya magunia ya mkaa. Alichosema chini yangu ni, "Tusitoke, tantine. Tusitoke hapa." Sikujua kama anaogopa risasi au ananiogopa mimi, kwamba nitambeba tena nikimbie. Nikamwambia hatutoki. Nikamwapia kwa Mungu.

Ziliponyamaza, Shakuru alikuja anakimbia bila viatu. Alitukuta weusi kama makaa. Alimpangusa mtoto kwanza, kisha mimi. Usiku akaniomba tukae nyumbani angalau siku chache. Aliniomba, hakuniamrisha. Nikakubali siku moja.

9 Aprili

Tumerudi darajani. Ernestine amehamishia biashara yake karibu nami. Anasema wateja wa daraja wanapenda ndagala. Uongo mtupu, hauzi kitu. Anaimba, na nimegundua kwamba najua maneno.

12 Aprili

Hakuna aliyekuja.

14 Aprili

Benite ameniuliza kama mama anaweza kusahau sura. Nikasema hawezi. Akaniuliza kama mtoto anaweza.

15 Aprili

Pasaka ya kina Ernestine. Ametuletea mikate. Mvua.

19 Aprili

Amekuja.

Ilikuwa karibu alasiri. Nilikuwa nimeinama natunga uzi kwenye sindano. Nilimsikia muuza mkaa akisema, "Ee! Ee!" Nikainua kichwa. Mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, mkoba wa plastiki mkononi, amesimama katikati ya barabara na pikipiki zinampigia honi. Benite alikuwa amesinzia, ameegemea ukuta.

Mwanamke hakupiga kelele. Alitembea moja kwa moja, akamshika mtoto bega, na kabla sijaelewa akampiga kofi.

"Nilikuambia uikale hapa! Sikukuambia uikale hapa?"

Benite akafungua macho, akamtazama. Akasema, "Mama, si niko hapa?"

Basi yule mwanamke alikaa chini kwenye vumbi la mkaa, akamfunika mtoto kwa mwili wake wote, na sauti iliyomtoka sitaki kuiandika. Ernestine alikuwa analia. Muuza mkaa alikuwa analia. Mtoto hakulia, alikuwa anampapasa mama yake masikio, pua, masikio tena.

Nilingoja. Nilijua naweza kunyamaza. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshanifichia kosa, kwa neno moja, bila kuombwa. Ndiyo maana sikuweza.

"Mama Benite," nikasema. "Hakutoka mwenyewe. Ni miye nilimutoa. Mvua ilikuwa inanyesha, risasi... Nilimubeba kwa nguvu. Halafu sikukuya kuuliza mapema. Nilikuwa naweza, sikukuya."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yamekauka ghafla.

"Nilirudi," akasema. "Nilikuta maji tu hapa. Maji tu. Walisema kuna watoto walipelekwa mutaa wa Kibenga, nikaenda Kibenga, nikafua nguo za watu, nyumba kwa nyumba, niangalie watoto wao. Kila nyumba."

"Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Nilitaka aseme, na nilijichukia kwa kutaka. Aligeuza kichwa cha mtoto, akatazama misuko niliyomsuka jana, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja mpaka mwisho. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Anaitwa Dévote. Bibi aliyemrudia ng'ambo hakuvuka daraja.

20 Aprili

Wamelala chumbani kwa Ernestine. Nimepika, Dévote amekula kidogo. Hasemi nami zaidi ya salamu. Shakuru amemtengenezea mkoba wake uliokatika kishikio.

21 Aprili

Leo asubuhi Dévote alinikuta nafua, akakaa upande wa pili wa beseni bila kualikwa, akashika nguo. Tulifua mpaka mwisho. Akaniuliza Benite alikula nini siku ya kwanza. Nikamwambia wali. Akaniuliza kama alilia usiku. Nikamwambia kila usiku, mpaka Idi. Akauliza na baada ya Idi? Nikamwambia alilia kidogo. Akakamua nguo, akasema, "Uliamuka naye?" Nikasema niliamka.

22 Aprili

Wameondoka. Dévote amepata ndugu mwenye chumba Cibitoke, ng'ambo ya mto. Mvua ilikuwa imekatika na njia inateleza. Niliwasindikiza mpaka darajani, Shakuru amebeba godoro tulilowapa, Ernestine amebeba furushi la ndagala ambalo hakuna aliyeliomba.

Nilikuwa nimejipanga nisimshike mtoto, ili isiwe vigumu. Benite alinipa mkono kama mtu mzima, akasema, "Kwaheri, tantine."

Dévote alikuwa ameshatangulia hatua mbili. Akasimama. Hakugeuka mara moja. Alipogeuka alikuwa anamtazama mtoto, si mimi, na sauti yake ilikuwa ya kukaripia kidogo.

"Tantine ya nani? Huyu ni dada yangu mukubwa. Aga vizuri. Sema: kwaheri, mama mukubwa."

Benite akasema.

Nilitaka kujibu jambo la maana. Nilichosema ni, "Muangalie utelezi," kisha nikashika nguzo ya daraja nikalia mpaka walipokata kona.